Shajara ya mradi: kusimamia machapisho yaliyopitwa na wakati katika tovuti ya taasisi

3 Machi 2025

Kazi imeanza rasmi. Ombi lililotufikia kutoka kwa uongozi lilikuwa la maneno machache: vitu vya zamani vifutwe kwenye tovuti. Baada ya kikao cha asubuhi tumekubaliana kulipanua, na lengo sasa linasomeka hivi: msomaji anayefungua ukurasa wetu wowote aweze kutambua, bila kumuuliza mtu, kama maelezo yaliyo mbele yake bado yanatumika, kama nafasi yake imechukuliwa na maelezo mengine, au kama yamebaki kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Nilisisitiza upanuzi huo kwa sababu umri wa chapisho na uhalali wake ni mambo mawili tofauti. Hotuba iliyochapishwa mwaka 2011 ni ya zamani, lakini haijapitwa na wakati, kwa kuwa haidai chochote zaidi ya kwamba maneno hayo yalisemwa siku ile. Tangazo la nafasi ya kazi lililowekwa wiki iliyopita, ambalo mwisho wa kupokea maombi ulikuwa jana, ni jipya na tayari linapotosha. Mfumo wetu wa kusimamia maudhui unajua tarehe moja tu, ile ya kuchapishwa. Lau tungeufuata, tungeifuta hotuba na kuliacha tangazo.

Wanaoumia ni wasomaji, na wanaumia kwa namna ambazo ofisini hatuzioni. Mtu anatafuta wadhamini, anathibitisha nakala za vyeti na kutuma maombi ya nafasi iliyojazwa zamani. Mwingine anapiga namba ya simu ambayo imekwisha kupewa mtu asiyehusika. Matapeli nao hulipenda tangazo halisi lililosahaulika, kwa kuwa anwani yake ni ya taasisi ya kweli na inampa mlengwa kila sababu ya kuamini kwamba nafasi ipo.

7 Machi 2025

Tumetoa orodha ya machapisho yote kutoka kwenye hifadhidata na kuiweka katika jedwali moja lenye safu za anwani ya ukurasa, kichwa, aina ya maudhui, tarehe ya kuchapishwa, tarehe ya mabadiliko ya mwisho, aliyechapisha, na faili zilizoambatishwa. Kando yake tumeongeza safu ambazo mfumo haukuwa nazo na ambazo itabidi tuzijaze kwa kusoma: siku ambayo maelezo yanakoma kuwa kweli, kitengo kinachoyamiliki, na hatua inayopendekezwa.

Kumbukumbu za seva zimetufundisha jambo ambalo watumishi wengi hawakulitarajia. Kwa muda mrefu imekuwa ikidhaniwa kwamba tangazo likishateremka kutoka ukurasa wa mwanzo basi limeondoka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya wanaoyafungua matangazo ya zamani hawapiti ukurasa wa mwanzo kabisa. Wanaletwa moja kwa moja na injini za utafutaji, au na viungo vilivyowekwa kwenye tovuti nyingine na kusambazwa katika ujumbe wa simu. Kwa msomaji wa namna hiyo kila ukurasa ni mlango, na hakuna anachokiona pembeni kinachomwambia kwamba yuko chumba cha mwaka mwingine.

Faili za PDF ni tatizo linalojitegemea. Ukurasa uliobeba tangazo unaweza kuwa ulishafutwa, lakini PDF iliyoambatishwa inaendelea kukaa katika folda ya faili zilizopakiwa na kufunguka kwa yeyote mwenye anwani yake. Kuna pia matangazo yaliyowekwa kama picha tu ya karatasi iliyopigwa mhuri, ambayo maandishi yake hayasomwi na programu yoyote ya utafutaji wa ndani wala na visoma-skrini vinavyotumiwa na watu wasioona. Hayo itabidi tuyafungue moja baada ya jingine kwa macho.

14 Machi 2025

Baada ya kusoma sehemu ya kutosha ya jedwali, tumeyagawa machapisho katika makundi manne kwa kuangalia namna yanavyopoteza uhalali.

Kundi la kwanza ni la yale yanayokoma siku inayojulikana tangu mwanzo: matangazo ya kazi, zabuni, ufadhili wa masomo, mialiko ya mikutano, taarifa za kufungwa kwa huduma. Kundi la pili ni la yale yanayokoma pale kitu kingine kinapotolewa, kama vile ratiba, viwango vya ada, kanuni na fomu. Hayana tarehe ya mwisho, ila yana mrithi. Kundi la nne, ambalo nalitaja kabla ya la tatu kwa kuwa ni jepesi, ni la kumbukumbu: hotuba, ripoti za mwaka, habari za matukio. Haya hayapaswi kuguswa, isipokuwa kuhakikisha kwamba tarehe yake inaonekana wazi.

Kundi la tatu ndilo lililotuchukulia muda. Ni kurasa za maelekezo, orodha za mawasiliano, maelezo ya huduma na majibu ya maswali ya kawaida, ambazo hazina siku ya mwisho wala mrithi, ila zinachakaa kipande kwa kipande. Ofisi inahamia jengo jingine, fomu inapata toleo jipya, afisa anayetajwa anastaafu, kiungo cha nje kinavunjika, na bado ukurasa kwa ujumla unaonekana mzima. Ukurasa ambao tisa ya kumi ya maelezo yake ni sahihi una hatari kuliko ule uliokosewa wote, kwa sababu usahihi wa sehemu kubwa unaifanya ile ndogo iaminike.

Kwa hiyo tumeamua kuwa na tarehe mbili tofauti katika mfumo. Tarehe ya ukomo inasema kwamba baada ya hapo maelezo si kweli tena. Tarehe ya mapitio inasema kwamba baada ya hapo hakuna aliyethibitisha kuwa bado ni kweli. Kundi la kwanza litapata ya ukomo, kundi la tatu litapata ya mapitio, na msomaji wa kundi la tatu ataonyeshwa siku ambayo ukurasa ulihakikiwa mara ya mwisho, ili aamue mwenyewe kama apige simu ofisini au auamini.

Zipo kesi zinazovuka mipaka. Mwaliko wa kongamano ni wa kundi la kwanza hadi siku ya kongamano, kisha, ukiongezewa mada zilizowasilishwa na picha, unakuwa wa kundi la nne katika anwani ileile. Upo pia mkutano ulioahirishwa. Msamiati wa schema.org, ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo ili kurasa ziweze kueleweka na mashine, umetusaidia hapa: unatenganisha tukio lililofutwa, tukio lililoahirishwa bila siku mpya kutajwa, na tukio lililosogezwa hadi siku nyingine inayojulikana. Matangazo yetu yalikuwa yakiyaita yote matatu kuahirishwa, na msomaji hakuweza kujua kama asubiri, asahau au abadilishe ratiba yake. Tumeyachukua matengano hayo matatu kama yalivyo.

21 Machi 2025

Wiki nzima imetumika kwenye tarehe zilizomo ndani ya maandishi, na nakiri kwamba sehemu hii imenivutia kuliko nyingine zote.

Tangazo lililonifumbua macho linawaalika watu kwenye warsha ya Jumamosi, tarehe 14 Juni, bila kutaja mwaka. Lilichapishwa mwaka 2014. Kalenda ya mwaka 2025 inafanana na ya mwaka 2014 siku kwa siku, kwa hiyo tarehe 14 Juni ya mwaka huu pia ni Jumamosi. Msomaji mwangalifu anayelinganisha jina la siku na tarehe kwenye kalenda ya simu yake, jambo ambalo ndilo uthibitisho pekee alio nao, atakuta kila kitu kinapatana na atakuja. Tarehe na jina la siku hukutana tena namna hii baada ya miaka mitano, sita au kumi na mmoja kwa kawaida, kutegemea mahali ilipo miaka mirefu, kwa hiyo si kisa cha nadra. Sheria ya kwanza ya mwongozo mpya wa uhariri imetokana na tangazo hili: kila tarehe itaandikwa pamoja na mwaka, hata pale mwandishi anapoona mwaka ni dhahiri.

Sheria ya pili inahusu tarehe za tarakimu tupu. Maandishi 05/06/2024 ni tarehe 5 Juni kwa wasomaji wengi na tarehe 6 Mei kwa wale waliozoea mpangilio wa Marekani. Ndani ya hifadhidata tutahifadhi kwa mpangilio wa kiwango cha ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, ambao hauna utata na hupangika vizuri. Kwenye ukurasa mwezi utaandikwa kwa jina.

Kisha kuna maneno yanayotegemea siku ya kusomwa: kesho, wiki ijayo, mwaka huu, hivi karibuni. Yalikuwa sahihi yalipoandikwa na yanakosea kila siku inayofuata. Msanidi wetu alitengeneza programu ndogo ya kuyasaka katika machapisho yote, na hapo tukakutana na ugumu wa kisarufi. Haitoshi kutafuta neno moja lenye maana ya kinachokuja, kwa sababu umbo lake hufuata ngeli ya nomino: mwaka ujao, wiki ijayo, juma lijalo, kikao kijacho, siku zijazo, vikao vijavyo, makongamano yajayo. Ni lazima programu ipewe maumbo yote, pamoja na yale ya kilichopita. Upande wa pili, neno “leo” likitafutwa bila mipaka ya neno hutokea ndani ya “maendeleo” na “toleo”, na jedwali hujaa kurasa zisizo na kosa lolote. Baada ya kuweka mipaka hiyo, orodha iliyobaki ni ya kweli na inaweza kufanyiwa kazi na wahariri wawili.

Hatutabadilisha maneno hayo ndani ya hotuba na habari za zamani. Msemaji aliyesema “mwaka huu” mbele ya hadhira alisema hivyo, na tarehe iliyo juu ya ukurasa inatosha kumwongoza msomaji. Marekebisho ni kwa makundi matatu ya kwanza tu.

28 Machi 2025

Umiliki. Safu ya aliyechapisha imejaa majina ya watu waliohama au kuacha kazi, na barua pepe za kukumbusha zilizotumwa kwao hazifiki popote. Kuanzia sasa kila chapisho litamilikiwa na cheo ndani ya kitengo, na anwani ya barua pepe ya cheo hicho itasomwa na anayekikalia kwa wakati huo pamoja na msaidizi wake. Chapisho lisilo na kitengo kilicho tayari kulimiliki halitachapishwa. Mkuu mmoja wa kitengo alipinga kwa hoja kwamba hilo litachelewesha taarifa za dharura; tumekubaliana kwamba taarifa za dharura zitamilikiwa na dawati la mawasiliano kuanzia dakika ya kwanza na kukabidhiwa kitengo baadaye.

4 Aprili 2025

Fomu ya kuchapisha sasa ina sehemu ya tarehe ya ukomo, na haiwezi kurukwa. Anayechapisha anachagua moja kati ya mambo matatu: chapisho linakoma siku fulani, litapitiwa siku fulani, au ni kumbukumbu isiyokoma. Hakuna chaguo linalowekwa tayari, kwa sababu tunajua kwamba lililowekwa tayari ndilo litakaloachwa na kila mwenye haraka. Tulifikiria kuiacha iwe hiari kwa miezi ya mwanzo, nami nilipinga: siku ya kuchapisha ndiyo siku pekee ambayo mtu anayejua ukweli wa jambo yuko mbele ya fomu, na baada ya mwaka mmoja swali hilohilo litahitaji upekuzi wa mafaili.

Majaribio yameonyesha kwamba tarehe peke yake haitoshi. Mhariri alichagua tarehe 30 Aprili kwa tangazo linalosema maombi yatapokelewa hadi tarehe hiyo, na mfumo ukaihifadhi kama mwanzo kabisa wa siku ya tarehe 30, jambo ambalo lingelifunga tangazo siku nzima kabla ya wakati. Sasa tarehe isiyo na saa inahesabiwa hadi mwisho wa siku. Hata hivyo tunawahimiza wahariri waandike saa, na tumewakataza kutumia saa sita usiku kama kikomo, kwa kuwa usiku wa tarehe 30 kwa mmoja ni ule unaoanza siku hiyo jioni, na kwa mwingine ni ule unaoishia alfajiri ya siku hiyo. Saa 11:00 jioni ya siku ya kazi haina mgogoro wa namna hiyo, na ina faida kwamba mtu aliyekwama anaweza kupata msaada kabla ya mlango kufungwa.

Hapo kwenye saa kuna mtego mwingine ambao fomu zilizotengenezwa kwa lugha nyingine hazikuuwazia. Fomu inataka saa kwa mtindo wa saa 24, na mhariri anayefikiria saa kumi na moja jioni anaandika 11:00 bila kusita. Kwa mfumo hiyo ni saa tano asubuhi, na tangazo lingefungwa saa sita kabla ya muda ulioahidiwa. Dawa tuliyoiweka ni kumrudishia mhariri uamuzi wake kwa sentensi kamili kabla ya kuuhifadhi: “Tangazo hili litafungwa Jumatano, 30 Aprili 2025, saa 11:00 jioni.” Anayekuta sentensi inasema asubuhi hurekebisha papo hapo. Ndani, wakati unahifadhiwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na ukanda wa saa unaokusudiwa unahifadhiwa pamoja nao, kwa sababu waombaji hawako wote katika ukanda mmoja.

Jambo la kiufundi lililozua mjadala mrefu ni namna ya kubadilisha hali ya chapisho muda unapofika. Njia iliyozoeleka ni kazi inayojiendesha kila usiku na kubadilisha alama katika hifadhidata. Tumeiacha. Kazi ya namna hiyo ikishindwa kuendeshwa, matangazo yote yaliyokufa yanabaki hai na hakuna anayejua. Badala yake hali ya chapisho haihifadhiwi popote; inakokotolewa kila ukurasa unapotengenezwa, kwa kulinganisha wakati wa sasa na tarehe ya ukomo. Kazi ya usiku imebaki na jukumu la kutuma vikumbusho kwa wamiliki peke yake.

11 Aprili 2025

Ukurasa ukishakoma unaenda wapi? Hili ndilo swali ambalo ombi la awali lilikuwa limelijibu kwa neno moja, kufuta, na ndilo tulilotaka kulijibu kwa uangalifu zaidi.

Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa tena miaka kumi baadaye. Nyuma ya kila ukurasa wa namna hiyo kuna viungo vilivyowekwa na watu wengine vinavyoishia hewani. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa nyingi kupitia huduma yake ya Wayback Machine, lakini taasisi haiwezi kuwaachia wengine wajibu wa kutunza kumbukumbu zake. Tangazo la zabuni lililofungwa bado lina kazi: mzabuni aliyekata rufaa analihitaji, mkaguzi analihitaji, na mwandishi wa habari anayefuatilia matumizi ya fedha analihitaji pia.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba chapisho lililokoma linabaki katika anwani yake na linabadilika sura. Juu kabisa, kabla hata ya kichwa, linakaa bango linalosema kwa maneno kwamba maombi yamefungwa na tangu lini, kwa kuwa rangi peke yake haimfikii anayetumia kisoma-skrini. Kichwa chenyewe kinaongezewa neno “Limefungwa” mwanzoni, kwani kichwa ndicho kinachoonekana katika matokeo ya utafutaji na pale kiungo kinapotumwa kwenye simu, mahali ambapo bango halifiki. Kitufe cha kutuma maombi kinaondolewa, na mahali pake panawekwa kiungo cha nafasi zilizo wazi. Maandishi mengine hayaguswi.

Kwa kundi la pili, ukurasa wa zamani unaonyesha mrithi wake na mrithi anaonyesha uliotangulia, ili mtu anayetaka kujua ada ya mwaka fulani aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua. Tumeanzisha pia anwani moja ya kudumu kwa kila hati ya aina hii, isiyo na mwaka ndani yake, ambayo daima hufungua toleo linalotumika. Matoleo yaliyopita yana anwani zenye mwaka. Viungo tunavyowapa watu wa nje vitakuwa vya anwani ya kudumu.

Kufuta kumebaki kwa vitu vichache, na katika hivyo hatutasita. Orodha za majina ya walioitwa kwenye usaili, zenye namba za mitihani na wakati mwingine namba za simu, hazina sababu ya kuendelea kusomeka baada ya usaili kwisha. Kuziacha ni kuwaweka hadharani watu walioomba kazi tu. Kurasa hizo zitarudisha msimbo 410, mojawapo ya namba ambazo seva hukijibu nazo kivinjari, unaomaanisha kwamba kilichokuwepo kimeondolewa makusudi, tofauti na 404 unaosema tu kwamba hakijapatikana. Kiwango cha HTTP chenyewe, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, kinautaja msimbo 410 kuwa unafaa kwa huduma za muda maalumu. Kurasa zilizohama zitatumia msimbo 301 kuelekea mahali zilipohamia hasa. Tumekataa pendekezo la kuelekeza kila kilichokufa kwenye ukurasa wa mwanzo: msomaji aliyebofya kiungo cha tangazo fulani akijikuta kwenye ukurasa wa mwanzo hajui kama tangazo limefungwa, limehamishwa au yeye amekosea, na injini kama Google huihesabu hali hiyo kuwa sawa na ukurasa usiopatikana.

17 Aprili 2025

Injini za utafutaji. Kwa matangazo ya kundi la kwanza tunataka yatoweke katika matokeo ya utafutaji muda mfupi baada ya ukomo, huku yakiendelea kufunguka kwa mwenye anwani. Ukurasa unaweza kubeba agizo la “noindex”, linaloziambia injini zisiuonyeshe katika matokeo, baada ya kufungwa, na Google inaelewa pia agizo la “unavailable_after”, ambalo hutaja mapema siku ambayo ukurasa usionyeshwe tena. Tumeliweka la pili tangu siku ya kuchapishwa, kwa kuwa tarehe tunayo tayari, na la kwanza linaongezwa ukomo unapofika. Matangazo ya kazi yana pia sifa ya “validThrough” ya schema.org, inayotaja mwisho wa uhalali wake na inayochukuliwa kutoka sehemu ileile ya fomu.

Agizo lililoandikwa ndani ya ukurasa haliwezi kuwekwa kwenye PDF. Kwa faili hizo agizo hutumwa na seva katika kichwa cha HTTP kiitwacho X-Robots-Tag, na imebidi faili ziunganishwe na chapisho mama ndani ya hifadhidata ili seva ijue ukomo wake.

Msimamizi wa seva alipendekeza njia ya mkato ya kuzizuia folda za zamani kwa robots.txt, faili inayoziambia roboti za injini za utafutaji zisifungue sehemu fulani za tovuti. Ingefanya kinyume cha tunachotaka. Roboti iliyozuiwa kufungua ukurasa haiwezi kuliona agizo la “noindex” lililomo ndani yake, na anwani inaweza kuendelea kuonekana katika matokeo kwa nguvu ya viungo vya nje. Pendekezo limeondolewa.

25 Aprili 2025

Kache, yaani hifadhi ya muda ya nakala za kurasa, ilitushangaza kidogo katika majaribio. Hali ya chapisho inakokotolewa ukurasa unapotengenezwa, lakini ukurasa haukuwa ukitengenezwa kila unapoombwa. Nakala yake ilitunzwa kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Tangazo lililofungwa jioni liliendelea kuonekana wazi hadi siku iliyofuata, na ukurasa wa mwanzo uliendelea kuliorodhesha. Sasa muda wa kutunza nakala hauruhusiwi kuvuka ukomo ulio karibu zaidi kati ya machapisho yote yanayoonekana katika ukurasa husika. Ukurasa wa mwanzo wenye matangazo matano unachukua ukomo wa lile linalofungwa mapema kuliko yote.

9 Mei 2025

Mvutano wa wiki hii umehusu tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Vitengo viwili viliomba kurasa zao zionyeshwe kuwa zimesasishwa kila mwezi, ili zionekane hai na zipande katika matokeo ya utafutaji, ingawa hakuna kitakachobadilishwa. Nimekataa kwa maandishi na kuomba uongozi uniunge mkono, nao umefanya hivyo. Tarehe iliyo juu ya ukurasa ni ushuhuda. Anayeiandika bila kuwa amesoma ukurasa anamwambia msomaji kwamba uhakiki umefanyika wakati haukufanyika, na mradi mzima umejengwa juu ya uaminifu wa tarehe hizo. Google yenyewe imeeleza kwamba huitegemea tarehe ya mabadiliko ya mwisho, “lastmod”, katika ramani ya tovuti (orodha ya kurasa inayoandaliwa kwa ajili ya injini za utafutaji) pale tu inapothibitika kuwa sahihi kwa mfululizo.

Kutokana na mvutano huo tumetenganisha matendo matatu ambayo mfumo ulikuwa ukiyachanganya. Kusahihisha herufi au mkato hakubadilishi tarehe yoyote inayoonekana. Kubadilisha maelezo yenyewe kunabadilisha tarehe ya mabadiliko, na mhariri anatakiwa aandike kwa sentensi moja kilichobadilika, ambayo inaonekana chini ya ukurasa. Kuhakiki bila kukuta la kubadilisha kunasogeza tarehe ya uhakiki peke yake. Kitengo kinachotaka ukurasa wake uonekane hai kina njia ya halali ya kufanya hivyo: kuusoma wote, kujaribu viungo, kupiga namba za simu zilizomo, kisha kubofya kitufe cha uhakiki kwa jina la cheo chake.

23 Mei 2025

Mfumo mpya umewashwa kwa tovuti nzima. Matangazo yote ya kundi la kwanza yaliyokoma yana mabango, likiwemo lile la warsha ya mwaka 2014, ambalo sasa linaonyesha mwaka wake. Orodha za majina za usaili zimeondolewa pamoja na faili zake. Kundi la nne halikuguswa, isipokuwa tarehe zilizokuwa zimefichwa na kiolezo cha zamani ambazo sasa zinaonekana.

Kundi la tatu bado linaendelea, na litaendelea muda wote tovuti itakapokuwepo. Vipindi vya mapitio vimewekwa kwa kuangalia madhara ya kosa badala ya aina ya ukurasa: namba za dharura na maelekezo ya malipo kila miezi 3, maelekezo ya huduma kila miezi 6, kurasa za utangulizi mara moja kwa mwaka. Mmiliki anakumbushwa siku 14 kabla ya tarehe ya mapitio na tena siku yenyewe. Asipojibu, ukurasa unajiwekea maelezo mafupi kwamba haujahakikiwa tangu tarehe fulani. Vitengo havikulipenda hilo la mwisho, na ni kweli kwamba linaonyesha uzembe wetu mbele ya watu. Nimelitetea kwa kuwa msomaji anayepanga safari au malipo ana haki ya kujua tunachokijua sisi, hata kama tunachokijua ni kwamba hatujatazama.

Yamebaki mambo mawili. Kurasa zenye matoleo ya lugha mbili zimehifadhiwa kama machapisho yasiyojuana, kwa hiyo tangazo linaweza kufungwa katika lugha moja na kubaki wazi katika nyingine. Msanidi ameanza kuyaunganisha chini ya rekodi moja yenye ukomo mmoja, akianza na matangazo ya kazi. Matangazo yaliyowekwa kama picha yanaandikwa upya kwa mkono na wahariri, na picha mpya isiyoambatana na maandishi yake haipokelewi tena na fomu. Ripoti ya kurasa zilizopitisha tarehe ya mapitio itatumwa kwa wakuu wa vitengo siku ya kwanza ya kila mwezi kuanzia tarehe 1 Juni 2025, ikipangwa kwa idadi ya wasomaji wa kila ukurasa, ili unaosomwa zaidi ushughulikiwe kwanza.